Kutoka Dar kwenda Dodoma kuonja waini na washkaji, asubuhi kwenda usiku kurudi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanajirudia kila grupu la Dar linapoanza kupanga hii safari. Majibu yote yamelenga mtu anayekaa Dar, mwenye siku moja tu, anayetaka kujua waini ya nchi yake inatokea wapi na inatengenezwaje. Kama unachotafuta ni kulewa tu basi baki Dar, vinywaji vipo kila kona na utaokoa nauli.

Hivi kweli inawezekana kwenda na kurudi siku moja?

Inawezekana, na ni SGR ndo imefanya iwezekane. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo. Kabla ya hapo ilikuwa ni basi, kilomita kama 450, unatoka Mbezi alfajiri unaingia Dodoma mchana umechoka na vumbi mpaka puani, hapo hata ukiwekewa waini nzuri namna gani huwezi kuinusa. Sasa hivi treni inakimbia mpaka kilomita 160 kwa saa, ukipanda ile ya haraka, mchongoko, ni kama masaa matatu na nusu hivi, ile ya kawaida inachukua zaidi maana inasimama vituo vingi njiani.

Siri ya kuiweka siku moja ni hii, chukua treni ya kwanza kabisa asubuhi na ya kurudi iwe ya jioni, na zote mbili zikatwe kwa wakati mmoja kabla hamjapanga kitu kingine chochote. Watu wengi wanakata ya kwenda halafu wanasema ya kurudi tutaona hukohuko, wakifika wanakuta siti zimejaa, hasa mwisho wa wiki na siku Bunge linapokaa au kufunga, safari ya siku moja inageuka ya siku mbili na nguo hamjabeba. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 31,000 kwa mtu mzima, mchongoko iko juu kidogo, angalia bei ya siku hiyo kwenye mfumo wa tiketi wa shirika la reli, TRC, kabla hujawatangazia watu mchango.

Kitambulisho usisahau. Jina la kwenye tiketi linatakiwa liwe la kwako, kwa hiyo ile tabia ya kumkatia mtu tiketi halafu akighairi mnampa mwingine dakika ya mwisho hapa inasumbua. Na muwahi stesheni, mizigo inapita kwenye mashine na geti linafungwa kabla treni haijaondoka, foleni ya asubuhi ya kutoka Tegeta au Mbagala haikusubiri.

Kwenye orodha ya vituo naona Makutupora, na nimesikia Makutupora ndo kwenye zabibu. Nishukie huko?

Hapana!! Hili naomba lieleweke vizuri sababu linachanganya watu kweli. Makutupora ya reli ipo mbele ya Dodoma, upande wa Manyoni, mkoa wa Singida. Makutupora ya zabibu, palipo na kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, ipo kaskazini ya Dodoma mjini kwenye barabara ya kwenda Arusha. Ni sehemu mbili tofauti kabisa. We shuka Dodoma.

Stesheni yenyewe ya Dodoma ipo Mkonze, nje kidogo ya mji, usidhani ukishuka utakuwa katikati ya soko. Gari lenu liwe limeshapangwa na dereva awepo pale mkishuka.

Kwanini Dodoma na sio sehemu nyingine?

Kwa sababu ndo kwenye zabibu zenyewe. Ukanda ni mkavu, mvua inanyesha msimu mmoja tu, kuanzia Disemba mpaka Aprili, kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600, mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari kwa hiyo mchana jua kali na usiku kunapoa. Mzabibu unapenda hivyo, unachukia unyevu maana unyevu unaleta ubwiri, ugonjwa wa fangasi unaokula majani na vichane. Ndo maana hata ukipanda mzabibu Mbezi Beach ukastawi majani, zabibu zake za kutengenezea waini usizitegemee sana, hewa ya pwani ina maji mengi mno.

Kilimo kilianza na wamisionari Wakatoliki waliohitaji divai ya misa, jina linalotajwa sana ni Bihawana, misheni ambayo haiko mbali na mji. Baadaye serikali ikaingia, utafiti ukawekwa Makutupora, na leo zabibu zinalimwa Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, Veyula, na Chinangali upande wa Chamwino, wengi wao wakulima wa eka moja mbili. Hapo ndo naumia nikiona mtu wa Dar anabeba chupa ya Afrika Kusini kila wikendi na hajawahi hata mara moja kuonja ya Dodoma vizuri, yaani ameionja kwenye kikombe cha plastiki harusini, ya moto, halafu akatoa hukumu.

Twende mwezi gani?

Hapa pana jambo la pekee sana kuhusu Dodoma. Ulaya mzabibu unavunwa mara moja kwa mwaka kwa sababu kuna majira ya baridi, mti unalala. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mti, mkulima ndo anaamua, akishavuna anaupumzisha kidogo halafu anaukata matawi, ule ukataji ndo unaoamsha machipukizi mapya na maua mapya. Kwa hiyo mavuno ni mara mbili, moja kuanzia Februari mwishoni mpaka Machi na kidogo Aprili, nyingine Agosti na Septemba.

Ukiniuliza mimi nitakwambia nenda Agosti au Septemba. Ni kiangazi, barabara za vumbi zinapitika, zabibu hazijanyeshewa kwa hiyo sukari imekolea, na wakulima wana muda kidogo wa kuongea. Machi nayo ina raha yake, kila kitu kijani, ila mvua ikipiga usiku mnaweza kukwama njia ya shambani na zabibu za msimu huo zinapambana na ubwiri. Miezi mingine mnaweza kwenda vilevile, kuonja mtaonja, ila mtakuta miti imekatwa vijiti vitupu, kwa mtu anayetaka picha itamuuma.

Juni na Julai asubuhi kule kuna baridi ya ukweli na upepo, watu wa Dar mnabebaga fulana tu halafu mnatetemeka.

Tuwe watu wangapi?

Sita. Noah moja, dereva na nyie sita, mnakaa bila kubanana na chupa zina pa kukaa. Mkiwa nane inabidi magari mawili au Hiace, na mkulima aliyekubali kupokea wageni sita akiona kundi la kumi na tano linashuka anachanganyikiwa, hawezi kumwelezea kila mtu, nusu yenu mtaishia kupiga selfie pembeni. Mkiwa wengi sana gawaneni siku mbili.

Na chagua watu. Kuna rafiki ambaye kila sehemu akifika anauliza tunaondoka saa ngapi, huyo mpende lakini msafiri naye siku nyingine.

Tuanzie wapi, shambani au kiwandani?

Shambani, tena asubuhi kabla ya saa tano, jua halijawa kali. Nalisisitiza hili kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu kwa sababu ndo linalofanya siku nzima ieleweke. Ukishaona zabibu, ukashika, ukala, kila glasi utakayopewa baadaye itakuwa na maana.

Mnaingia kwenye mistari ya miti, imefungwa kwenye nguzo na waya, mingine chini yake umepita mpira wa maji ya matone. Mkulima anakata kichane kwa mkasi anakupa. Usizimeze tu. Bana punje moja kwa vidole, kamua kile kinyama cha ndani mdomoni uone utamu wake, halafu tafuna lile ganda peke yake. Lile ganda linalokausha ulimi na fizi ndo utakutana nalo tena kwenye waini nyekundu, maana nyekundu inachachushwa pamoja na maganda yake, ndo yanatoa rangi na ule ukavu. Nyeupe zabibu inakamuliwa kwanza, inachachuka juisi peke yake. Halafu tema mbegu mkononi uziangalie, zikiwa kijani bado zabibu haijaiva sawasawa, zikiwa kahawia na zinavunjika vizuri kwenye meno basi imefika. Wengine wana kile kifaa kidogo cha kupimia sukari, unadondoshea tone la juisi unachungulia kwenye mwanga kama darubini unasoma namba, muombe akuonyeshe, wakulima wanapenda sana mtu anayeuliza hicho.

Uliza pia ni aina gani ya zabibu. Zinazolimwa sana ni Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe, pia Syrah, na kuna za asili ya Italia kama Aglianico na Teroldego. Shikeni hayo majina, mtayakuta kwenye chupa.

Kuhusu adabu, hawa ni watu wazima na hapo ni kwao. Shikamoo kwanza, kaa kidogo, habari za shamba, habari za mvua, ndo muanze maswali. Ukisema Mbukwenyi, salamu ya Kigogo, mkifika kundi zima utaona uso unavyofunguka. Usichume bila kuruhusiwa hata punje moja, kichane kile ni kilo na kilo ni ada ya mtoto.

Halafu baada ya shamba?

Sehemu moja ya kuonja. Moja. Najua kwenye grupu mtu ataleta orodha ya sehemu nne tano, mkatae kwa upole. Umbali unadanganya, Hombolo kwa mfano ni kama kilomita 40 kutoka mjini, kiwanda cha CETAWICO kiko huko na bwawa pia, kwenda na kurudi ukichanganya na maongezi nusu siku imeisha. Chagueni upande mmoja mbaki upande huo, mkienda Hombolo shamba liwe Hombolo, mkienda Mpunguzi basi kila kitu kiwe upande ule.

Viwanda vingi vya kule vipo kwa ajili ya kuzalisha, havijajengwa kama sehemu za kupokea watalii, kwa hiyo usitarajie kaunta yenye glasi zimepangwa na mtu amevaa tai anakusubiri. Lazima mpige simu mapema, angalau wiki moja, mseme mko wangapi, mnakuja saa ngapi, mnataka kuona uzalishaji au kuonja tu, na kama kuna kiingilio. Halafu pigeni tena jana yake. Jumapili wengi wanafunga, Jumamosi wengine wanafanya nusu siku, Ijumaa ndo nzuri kuliko zote kama bosi wako atakupa ruhusa. Mkikosa kiwanda muulizeni mkulima wasindikaji wadogo, wapo, wanatengeneza kidogo kidogo na maelezo yao mara nyingi ni mazuri kuliko ya kiwandani kwa sababu kila kitu wanafanya kwa mikono yao.

Mchuzi wa zabibu ni nini? Nimeona watu wanauza.

Ni waini ambayo imeshachachuka lakini haijamaliziwa, haijasafishwa ikatulia wala kuwekwa kwenye chupa na lebo. Wasindikaji wadogo wanaitengeneza kwenye matanki na mapipa halafu wanauza kwa jumla kwa viwanda vikubwa ambavyo ndo vinaimalizia. Kwa Dodoma hii ni biashara kubwa na ndo inaokoa wakulima mwaka ambao viwanda havinunui zabibu mbichi, maana zabibu iliyovunwa haisubiri, siku mbili tatu kwenye joto imeanza kuharibika, wakati mchuzi ukiwekwa vizuri unakaa.

Kuonja muonje, inafundisha sana ukilinganisha na iliyokamilika. Kuibeba kwenye kidumu mpaka Dar sishauri, bado inaweza kuwa inafanya kazi ndani, inatoa gesi, kidumu kinavimba na kinaweza kupasukia kwenye begi. Nunua ile ya chupa.

Tuonje ngapi, na tunaonjaje?

Tano zinatosha, sita mwisho. Baada ya hapo ulimi umechoka na kila kitu kinaanza kuwa kizuri. Kipimo ni mililita 50 hivi, yaani kidogo tu kwenye kitako cha glasi, chupa moja ya 750 inatoa vipimo 15. Piga hesabu, aina tano kila moja mililita 50 ukimeza zote umekunywa theluthi ya chupa, tena mchana, kwenye jua la Dodoma. Kwa hiyo kuwe na ndoo au kopo la kutemea na kutema sio aibu wala kumdharau mwenyeji, wanaofanya hii kazi wote wanatema.

Utaratibu wa kuonja ni mwepesi. Anza na nyeupe kavu, yaani isiyo na utamu wa sukari, ile wanaita drai, halafu nyekundu nyepesi, halafu nyekundu nzito, tamu na zile zilizoongezwa nguvu, yaani zimetiwa pombe kali, ziwe za mwisho kabisa kwa sababu sukari ikishakaa mdomoni kila kinachofuata kitaonekana kichungu. Inua glasi juu ya kitu cheupe, hata karatasi, angalia rangi. Zungusha, nusa, tulia, nusa tena, mara ya pili ndo inasema ukweli. Weka mdomoni izunguke pande zote kabla hujameza au kutema. Kisha kila mtu aandike neno lake mwenyewe kwenye simu kabla ya kuongea, maana mwenye sauti kubwa akisema inanuka ubuyu wote mtaanza kunusa ubuyu. Na tumieni vitu mnavyovijua, ukwaju, zambarau, embe bolibo, ganda la chungwa, udongo ulionyeshewa, moshi wa mkaa. Mtu asikutishe na majina ya matunda ambayo hujawahi kuyaona.

Kati ya moja na nyingine kunywa maji na tafuna kitu kisicho na ladha kali, mkate mkavu unafaa. Na jambo ambalo watu wa Dar tunalisahau, siku hiyo usijifukize udi wala usijimwagie pafyumu. Mtu mmoja mwenye pafyumu kali kwenye chumba kidogo anawaharibia wote, hamtanusa zabibu, mtamnusa yeye. Pilipili, Big G na sigara navyo viache mpaka mmalize.

Mimi napenda tamu tu, hizi kavu naona kama siki. Nina tatizo?

Huna tatizo lolote. Wengi wetu tumeanza na tamu na zile zenye nguvu kama Dompo, na waini tamu iliyotengenezwa vizuri ni waini nzuri. Ila jua hizo zilizoongezwa nguvu ni nzito, waini ya kawaida ni asilimia 11 mpaka 14 ya kilevi, zilizoongezwa nguvu zinaanzia kama 15 kwenda mpaka 22, kwa hiyo utamu unaficha kitu. Mara nyingi pia kavu inaonekana siki kwa sababu umeinywa ikiwa ya moto na bila chakula. Ijaribu ikiwa imepoa na kipande cha nyama ya mbuzi pembeni, mafuta ya nyama yanalainisha ule ukavu, halafu amua.

Kwenye kundi kuna wasiokunywa pombe kabisa. Waje?

Waje, na wasifanywe wasindikizaji. Shamba, historia, namna zabibu inavyogeuka, chakula, treni, vyote hivyo ni vya kila mtu. Wahakikishieni juisi ya zabibu, wengine wanaisindika na msimu wa mavuno ni tamu ajabu, na ulizeni kama haina kilevi kabla hamjaagiza, msikisie kwa niaba ya mtu. Pesa ya kuonja wasichangie, hilo ni la haki kabisa. Utani wa jaribu tu kidogo uacheni Dar, mtu ana dini yake, ana dawa zake, au ana mimba hajataka kuwaambia. Na mwezi wa Ramadhani kama kundi lina Waislamu sogezeni tarehe.

Kula tutakula nini?

Kula kabla ya kuonja, sio baada, tumbo tupu ndo linaangusha watu. Asubuhi kwenye treni au kabla ya kupanda weka kitu kizito, supu na chapati mbili, mihogo, chochote. Mchana Dodoma ni mji wa nyama choma na kuku, kuku wa pale Chako ni Chako wanajulikana mpaka nje ya mkoa. Agizeni kwa simu mkiwa bado shambani sababu nyama nzuri inachukua muda na treni haitawasubiri mbuzi aive. Ukipata ugali wa uwele na mlenda kwa mama wa Kigogo kula, waini uiache pembeni kwa hiyo dakika, mlenda unastahili heshima yake.

Pesa inakuwa kiasi gani na tuchangeje?

Kwa treni ya kawaida, gari la kushea sita, chakula, kuonja na chupa moja mbili za kurudi nazo, mimi huwa nawaambia watu waandae kuanzia laki na nusu mpaka laki mbili kwa kichwa, mchongoko au daraja la juu uongeze. Mtunza hela awe mmoja, michango iingie kwenye simu yake kwa tarehe moja mliyokubaliana, asiyelipa mpaka tarehe hiyo hakatiwi tiketi na msilionee haya hilo, ndo linawafanya mbaki marafiki. Tengeni pia kiasi kwa ajili ya mkulima aliyewapokea. Anaweza asitaje bei, ila ameacha kazi yake kuwatembeza, nunueni zabibu kwake kwa bei yake bila kupunguziwa na muachieni ahsante ya maana.

Tukodi gari tuendeshe wenyewe?

Msifanye hivyo. Mtu mmoja atakaa siku nzima anawaangalia mkionja au, mbaya zaidi, ataonja na yeye. Kodini gari na dereva wa hukohuko, anajua njia za Hombolo na Mpunguzi, bei ya siku nzima mkubaliane mapema mafuta yakiwemo, chakula chake ni juu yenu na haonji hata tone. Mwambieni wazi treni ni saa ngapi, mwenyeji anajua muda wa kutoka kuliko nyie mtakaokuwa mmechangamka.

Kuendesha kutoka Dar kwenda na kurudi siku moja ni kilomita 900 na kuonja katikati. Hapana.

Chupa tunazileta vipi Dar, na zikifika?

Ziwe zimefungwa, hazijaguswa, mzifunge moja moja kwenye nguo au gazeti katikati ya begi, na mkikata tiketi ulizeni utaratibu wa mizigo wa siku hiyo. Safarini msizinywee. Gari likisimama mkale, chupa zishuke nanyi au zikae kivulini, Noah iliyofungwa vioo juani inapika waini kwa saa moja tu, ukifungua utakuta ladha kama tunda lililochemshwa.

Dar joto na unyevu ndo maadui. Juu ya friji sipo, karibu na jiko sipo, dirishani sipo. Kabati la chini lenye giza, na yenye koki ya gome ilale ubavu ili gome lisikauke. Mtu akikwambia nyekundu inanywewa kwa joto la chumba, hilo ni joto la chumba cha kwao, digrii 16 au 18. Chumba cha Sinza mwezi wa pili ni 30 na kitu, kwa hiyo iweke frijini nusu saa kabla ya kuinywa, na nyeupe masaa mawili au zaidi. Ikishafunguliwa rudisha kizibo, iweke frijini hata kama ni nyekundu, malizia ndani ya siku tatu mpaka tano.

Na zabibu zenyewe zitafika salama?

Zitafika kama zimevunwa asubuhi hiyo na hazijaoshwa. Osha unapotaka kula, ukiosha mapema maji yanabaki katikati ya punje zinaoza. Tumia boksi la kina kifupi lenye matundu, vichane visilaliane zaidi ya safu mbili, mfuko wa plastiki uliofungwa hapana. Kwenye treni boksi liwe miguuni pako, sio juu kwenye mabegi ya watu. Ukifika nyumbani toa zilizopasuka uzile palepale, zingine frijini, zinakaa karibu wiki. Ila jua za kutengenezea waini ni ndogo, zina mbegu na ganda gumu, ukitaka za kula mezani mwambie mkulima mapema akuelekeze zenye punje kubwa.